Mwenye Kisu Kikali na Nyama ya Wote

Ipo methali ambayo wanasiasa wetu huipenda kupita kiasi: mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Huitamka baada ya kura za maoni, baada ya uteuzi na baada ya ugawaji wa viwanja. Kwa tafsiri yao, aliyefanikiwa kuyashika makali amekwisha kustahili mnofu, na asiyekuwa nayo atulie asubiri mfupa. Mwaka huu, nilipokuwa nikitafuta kisu halisi, cha chuma na mpini, nilijikuta nikiipima upya tafsiri hiyo.

Haja yangu ilikuwa ya kawaida. Kila likizo ndefu mimi hupanda milima ya Uluguru pamoja na kundi dogo la wanafunzi. Siku nyingine zote kazi zangu za kukata ni za mjini: bahasha, kamba za maboksi ya vitabu, chungwa la saa nne. Nilitaka kisu kimoja cha kukunja kitakachonifaa kote kuwili, kisichonilemea mfukoni wala kuongeza mzigo katika shanta. Mlimani, baada ya saa tatu za kupanda, mtu huanza kuhesabu hata gramu.

Nilianza na visu vyekundu vya Uswisi. Karl Elsener alifungua karakana yake Ibach mwaka 1884, na mwaka 1891 alianza kulipatia jeshi la nchi yake visu vya askari. Kampuni yake ndiyo tunayoijua leo kwa jina la Victorinox. Kisu chake kidogo kiitwacho Classic kina urefu wa milimita 58 kikiwa kimekunjwa na uzito wa takribani gramu 21, na ndani yake mna mkasi na tupa ya kucha. Kwa bahasha kinatosha kabisa. Kwa mkate wa watu wanane kinachosha. Tena hakina kufuli, hivyo ukikikandamiza vibaya makali yanaweza kukufungia vidole.

Mwaka huo wa 1884 una kumbukumbu nyingine kwetu. Mwezi Novemba wakubwa wa Ulaya walikusanyika Berlin kuweka kanuni za kujitwalia Afrika. Miaka 18 baadaye, mwaka 1902, mjini Solingen, Ujerumani, vilianza kutengenezwa visu vya kukunja vya Okapi, vyenye mpini wa mbao, ili viuzwe katika makoloni ya Ujerumani barani humu, nchi yetu ikiwamo. Leo hutengenezwa Afrika Kusini, na ni visu imara vya bei nafuu. Lakini historia yao hunionyesha methali ile inakofika ikiachwa itembee peke yake: wenye makali walikula, nasi tuliokuwa nyama tukaja kuuziwa visu.

Hatimaye nilifika kwa Opinel. Joseph Opinel alianza kukitengeneza mwaka 1890 huko Savoie, Ufaransa, kwa ajili ya wakulima na mafundi wa milimani. Ni mpini wa mbao, bapa moja na, tangu mwaka 1955, pete ya chuma inayozungushwa ili kuyafunga makali yasijikunje. Namba 8, iliyo maarufu zaidi, ina makali ya sentimita 8.5 na uzito usiofika gramu 50. Yapo matoleo mawili ya chuma. La kwanza hunoleka haraka kwa kinoo cha kawaida, ila hushika kutu. Kwa mtu anayeishi Dar es Salaam, penye jasho, chumvi na maji ya machungwa, hilo si jambo dogo. La pili halishiki kutu kwa urahisi, na ndilo nililolipendelea.

Likabaki suala la urefu, na hapa sikuongozwa na mkate peke yake. Jiji letu halijawasahau Panya Road na mapanga yao. Mtu mzima akichomoa kisu kirefu ndani ya daladala, hata kama ni cha kumenyea embe, kuna mama atakayemvuta mwanawe karibu. Kanuni yetu ya Adhabu hutaja kosa la kutembea na silaha hadharani bila sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu. Waingereza wametumia rula: sheria yao ya mwaka 1988 humruhusu mtu kubeba kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3 bila kudaiwa sababu, na mahakama zao zimeamua kwamba kisu chenye kufuli hakimo katika ruhusa hiyo. Msomaji anayesafiri alikumbuke hilo, na kisu akiweke katika mzigo wa chini ya ndege. Mimi naiona hekima katika neno letu, hofu. Kipimo cha chombo ni pamoja na moyo wa aliyeketi jirani.

Kwa hiyo nilichukua namba 6. Makali yake hayafiki sentimita 8, uzito wake ni takribani gramu 30, na pete ya kufungia inayo. Ningeweza kununua kikubwa zaidi kwa nyongeza ndogo ya fedha, lakini hakuna kazi yangu iliyokidai.

Kule Uluguru kisu hicho kilinipa cheo ambacho sikukiomba. "Mwalimu, naomba kisu," ndiyo sentensi niliyoisikia kuliko nyingine yoyote. Kilikata mkate na nanasi, kikakata kamba ya turubai. Binti mmoja alipoteleza mtoni na kuteguka kifundo cha mguu, kilichana khanga ya mwenzake tukapata bendeji. Na kila tulipokula, mkataji alipata kipande chake mwisho, kwa kuwa mikono yake ilikuwa bado ina kazi. Hakuna aliyelitungia jambo hilo kanuni. Kila mmoja aliliona kuwa ndiyo adabu.

Hivi ndivyo ninavyoisoma methali sasa. Makali humpa mtu uwezo wa kukata. Hayamwambii akate kwa ajili ya nani. Tunaokwenda kupiga kura ndio tunaokabidhi kisu, na nyama iliyo mezani ni bajeti yetu, ardhi yetu na dawa za zahanati zetu. Ndugu msomaji, atakapokujia mgombea akijisifia ukali wa kisu chake, mwulize maswali ambayo muuza duka yeyote angemwuliza mnunuzi: kazi yako ni ipi, na inadai makali ya urefu gani? Kisha mwulize la tatu, ambalo dukani halipo: wewe utakula wa ngapi?