Ruhusa Huombwa Kabla ya Kutia Sahihi

Ndugu zetu wasomaji, twapenda kuwaeleza jambo lililotupata, huenda likamfaa mmoja wenu, au mwanawe anayetafuta kazi.

Mwaka 2024 tulikuwa tumekwisha kulipa nauli ya Hija, na siku ya Arafa iliangukia tarehe 15 Juni. Miezi miwili kabla yake, halmashauri ya madrasa moja hapa Mombasa ikatuita tuwasomeshee watoto wao. Kazi hiyo tulikuwa na haja nayo sana, kwani nyumbani hapakuwa na pato lingine. Rafiki yetu akatunasihi: "Nyamaza, Maalim. Tia sahihi kwanza, kisha uwaambie. Hapana Mwislamu atakayemzuia mwenziwe kwenda Makka."

Usiku ule hatukulala. Tulikumbuka kuwa ujanani tuliwahi kumficha mwenye duka mmoja safari ya harusi ya ndugu yetu. Tuliporudi tulikuta mwingine amekaa mahali petu, wala hatukuwa na la kusema. Tena tukamkumbuka Nabii Musa (A.S.) na yule mzee wa Madyan: muda wa kazi, miaka minane, au kumi kwa hiari, ulisemwa wazi kabla ya kazi kuanza, na Mwenyezi Mungu akafanywa shahidi. Je, ingefaa tukasimame Arafa hali safari tumeianza kwa hila?

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 baada ya kila miezi 12 ya utumishi. Basi aliye mgeni kazini hana la kudai. Lake ni kuomba.

Asubuhi tukamwendea mwenyekiti. Tukamtajia siku ya kuondoka na ya kurudi, na mwanafunzi wetu mkubwa atakayetushikia darasa, na kwamba mshahara wa siku hizo apewe yeye. Akainamisha kichwa, akasema, "Tutashauriana."

Siku sita mke wetu hakutuuliza neno, nasi hatukumwambia. Siku ya saba barua ikaja: ruhusa imekubaliwa, nayo imeandikwa ndani ya mkataba.

Lau wangalikataa, tungalikosa kazi, wala tusingaliikosa amana. Basi, ndugu, wakati wa kusema ni pale wanapokwisha kukutaka, na kalamu bado hujaishika.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe sote. Amin.