Pesa ya chama isianzie kwa tabo

Cuzo yangu amepata pesa ya chama na anataka kuweka tabo kubwa kwa Legacy yake ya oto. Mi nimemwambia zi, anza na giaboksi.

Watu husema oto ni ya wazee. Lakini Powerglide ya Chevrolet, iliyoundwa 1950 hadi 1973, ina gia mbili tu za kwenda mbele, na kuna watu wa mbio za dragi Marekani bado wanaifunga. Unabadilisha mara moja, basi, na gari inatoka vile vile kila raundi.

Adui ya oto ni joto. Ndani kuna klachi zinazoteleza kidogo kabla zishike. Ukiongeza nguvu ya injini bila kuongeza presha ya oili, zinateleza zaidi, oili inageuka nyeusi na kunuka kuungua. So kwanza ni redieta ndogo ya kupoza hiyo oili, halafu bodi ya valvu irekebishwe ndio gia ishike haraka. Haitang'aa kwa picha, najua.

Na akitaka kujipima, atafute mahali pamefungwa, si Thika Road usiku. Kuna wasee wanavuka hapo wakitoka job. Halafu hiyo Legacy ndiyo hupeleka mathee wake kanisani Jumapili.

Anasema atafikiria. Fundi wa tabo bado hajamlipa kitu.