Busi, Kijiji cha Mto wa Mchanga

Msomaji mpendwa, ukiambiwa habari za kijiji cha kale kando ya mto, labda wawaza maji mengi, mitumbwi na daraja la mawe. Huko China viko vijiji vya namna hiyo, na watu hutoka mbali kwenda kuvitazama. Sisi wa nyanda za kati tunavyo vya kwetu, ila mto wetu ni wa mchanga. Basi twende pamoja Busi, katika wilaya ya Kondoa, ukaone mwenyewe.

Toka Dodoma ushike barabara ya kaskazini, ile ya kwenda Babati. Zamani safari hii ilikuwa ya vumbi na matope. Tangu 2018 ni lami tupu. Mwendo wa kilomita 160 hivi utakufikisha Kondoa, mji wa misafara, ambamo wafanyabiashara wa pwani walikuwa wakipumzika kwa ajili ya chemchemi yake isiyokauka. Ukiacha lami ukaingia vilima vya Irangi, nchi ya Warangi, utaona udongo mwekundu kama tofali lililochomwa. Pande zote yako makorongo. Mengine ni marefu hata ng'ombe akitumbukia hatoki.

Nilifika Busi katika kiangazi kikali. Niliuliza mto uko wapi, na kijana aliyenipokea akacheka. Kumbe nilikuwa nimesimama ndani yake! Ulikuwa uwanja mpana wa mchanga mweupe, na nyayo za watu zimekatisha huku na huku kama njia za sokoni. Kando yake palikuwa na miwa na viazi vitamu, majani yao ya kijani kabisa, hali vilima vya juu vimekauka. Nikajiuliza, miwa hii yanywa nini?

Jibu nililipata kwa bibi mmoja aliyekuwa amepiga magoti katika shimo, akichota kwa kata. Nikamwamkia, “Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Una kiu? Ngoja kidogo, maji yatulie.”

Tulingoja. Maji yalikuwa ya rangi ya maziwa, kisha pole pole yakawa meupe, yakaonyesha mchanga wa chini. Nikanywa, nayo yalikuwa baridi. Hii ndiyo siri ya mto wa namna hii. Mvua ikinyesha milimani, maji hushuka kwa nguvu siku moja au mbili, kisha hupotea machoni. Lakini hayakwenda yote. Mengi yamejificha katikati ya chembe za mchanga, ambako jua haliwezi kuyafikia na kuyakausha. Ukichimba dhiraa moja au mbili utayakuta. Kwa hiyo mchanga ndio tangi la kijiji, na halina kifuniko cha kununua.

Ila nataka nikutahadharishe, wewe mgeni. Wakati wa masika usiketi kupumzika katika mchanga huo, hata kama juu yako mbingu ni nyeupe. Mvua ya mbali huleta maji ghafula, nayo hayabishi hodi.

Nyumba za kale za huko ni tembe, kama zile za Wagogo: nguzo za miti migumu, magogo juu yake, fito, matawi, kisha udongo uliopigwa mpaka paa likawa bapa. Juu ya paa huanikwa uwele na mtama. Ndani, mchana wa jua kali, ni baridi kama pangoni. Siku hizi watu wanajenga kwa tofali na bati, wala siwalaumu, maana tembe huvuja ikikosa kutunzwa, na miti ya nguzo ni adimu. Lakini mimi nililala usiku mmoja chini ya bati na usiku mmoja katika tembe, na ningechagua tembe.

Sasa niulize, mchanga wote huu ulitoka wapi? Mzee mwenyeji wangu alinyosha kidole juu mlimani. Ndiyo mashamba ya babu zao. Maji yamekuwa yakiubeba udongo wa vilima hivi tangu zamani sana. Lakini misitu ilipofyekwa, kuanzia miaka ya 1920, ili kuwafukuza mbung'o, na watu na mifugo wakazidi kusongamana, mambo yakawa mabaya. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mpango wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa msaada wa Sweden. Mwaka 1979 ilitoka amri ngumu: mifugo yote itolewe katika eneo lililoharibika, lenye kilomita za mraba 1,256. Ng'ombe, mbuzi na kondoo karibu 90,000 waliondolewa.

Fikiri, msomaji, wewe mwenye ng'ombe wako watatu. Mahari utatoa nini? Mtoto atakunywa nini? Wazee wanaikumbuka amri ile kwa uchungu mpaka leo. Lakini majani yaliota. Miti ikachipua kwenye visiki. Baadaye watu waliruhusiwa kufuga ng'ombe wachache wa maziwa wakiwa wamefungwa nyumbani na kukatiwa majani.

Mzee alinipeleka nyuma ya nyumba yake. Pale korongo lililokula shamba la baba yake lilisimama, hatua chache tu kutoka zizini. Kuta zake zimevaa nyasi. Lakini juu kidogo niliona njia mpya ya kwato.

“Za nani hizi?” nikauliza.

“Za vijana wetu,” akajibu. “Hulisha usiku. Mmojawapo ni mwanangu mwenyewe.”

Hakuongeza neno, nami sikuthubutu kumwuliza zaidi.

Ukipata nafasi, usirudi bila kupita Kolo, kaskazini ya Kondoa. Michoro ya mapangoni, ya twiga, tembo na watu wembamba kwa rangi nyekundu, ilinakiliwa na mama Mary Leakey mwaka 1951, na tangu 2006 imo katika Urithi wa Dunia. Itazame kwa macho. Wako waliokwisha kukwaruza majina yao juu yake, jambo la aibu.

Jioni yangu ya mwisho nilimkuta tena bibi yule mtoni. Alikuwa akifunika kisima chake kwa matawi ya miiba ili wanyama wasikichafue. Nikamsaidia kuvuta tawi kubwa. Akaniuliza kama kwetu kuna mto. Nikasema upo, una maji mwaka mzima.

“Juu?” akauliza.

“Juu, bibi.”

Akatikisa kichwa, akanihurumia. “Basi jua linayanywa yote,” akasema, akajitwisha ndoo yake.