Alama Tisa kwa Ubunifu

Miaka kadhaa iliyopita niliketi kwenye meza ya majaji katika mashindano ya ngoma na kwaya mjini Karatu. Nilialikwa kwa sababu mbili: ni mhadhiri, na nilizaliwa huko huko, katika nyumba ya mwalimu wa shule ya msingi. Mbele ya kila jaji palikuwa na fomu iliyopigwa chapa vizuri. Mavazi alama 15, nidhamu jukwaani 10, sauti 25, ujumbe 25, ubunifu 25.

Kikundi cha nne kilitoka nyanda za juu za Ngorongoro. Hawakuwa na ngoma wala zeze. Wamaasai huimba kwa koo na kifua. Kiongozi wao, olaranyani, alitoa mstari, wenzake wakamwitikia kwa mngurumo, na wanawake wakatikisa mabega hata shanga zao zikawa ndizo mapigo. Niliujua wimbo ule, au nilidhani ninaujua. Ni ule ule niliousikia utotoni siku za mnada, ule ule unaoimbwa jioni kwenye hoteli za watalii. Nikaandika 9 kwenye kisanduku cha ubunifu, na kando nikaongeza, kwa ule ukatili mdogo tuliouzoea sisi wasahihishaji: "Wamerudia yale yale."

Kikundi kilichoshinda kilikuja na kinanda cha umeme, mapigo ya singeli na shuka zilizotiwa vimetameta. Nilikipa 22.

Wakati wa chakula olaranyani alinifuata nyuma ya turubai. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akauliza, "Mwalimu, ulisikia tulichoimba?" Nikajibu kwamba nilisikia, na kwamba kilipendeza sana. "Sikuulizi kama kilipendeza. Tuliimba nini?"

Kiiraqw nilinyonya kwa mama, Kiswahili nimekulia, Kiingereza ndicho kinachonilisha. Kimaasai ninajua salamu na bei ya mbuzi. Nilinyamaza. Mzee yule akanieleza bila hasira. Kwanza walikuwa wamewataja vijana wa boma lao ambao hawakuweza kuja kwa sababu walikuwa mbali wakitafuta malisho. Kisha waliwataja ng'ombe waliokufa kwa ukame wa mwaka ule, mmoja mmoja, kwa rangi na kwa jina. Mwisho walituimba sisi: watu wanne walioketi kivulini na chupa za maji, wakiandika habari za watu waliosimama juani. Nilikumbuka kwamba watazamaji walicheka mahali hapo. Nilidhani wanamcheka kijana aliyeruka akapoteza kiatu. Hakuna hata mstari mmoja kati ya hiyo uliowahi kuimbwa kabla ya asubuhi ile. Aliitunga ndani ya lori, njiani kuja.

Naandika haya kwa sababu swali la ubunifu hunijia kila muhula. Wapo wanafunzi wangu wanaorekodi muziki, na mmoja aliniambia waziwazi kwamba asipobadilika kila baada ya miezi miwili amekwisha. Simdharau. Anajua soko lake kuliko ninavyolijua. Wala sichukii kipya: singeli iliyozaliwa katika mitaa ya uswahilini Dar es Salaam ni jambo jipya kwelikweli, na vijana walioianzisha hawakumwomba mtu ruhusa. Ninachokitilia shaka ni ile imani kwamba asiyebadili umbo la kazi yake hafanyi kazi.

Tazama bendi zetu. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964. Jumuiya ya wafanyakazi ilipobadili jina nayo ikabadili, ikawa JUWATA, ikawa OTTU, hatimaye Msondo Ngoma. Mlimani Park ikaja mwaka 1978 na kushika jina la Sikinde. Msondo na sikinde zote mbili ni ngoma za Wazaramo, kwa hiyo hata majina yenyewe hayakuwa mapya. Mashabiki walikwenda wiki baada ya wiki, miaka kwa miaka, na hawakwenda kusikia mtindo ambao haujawahi kusikika duniani. Walikwenda kusikia kisa kipya cha ndoa, cha deni au cha rafiki msaliti ndani ya mtindo ambao miguu yao ilikwisha kuuzoea. Bi Kidude alipotunukiwa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 alikuwa ajuza aliyeimba, pamoja na nyingine, nyimbo alizozirithi kwa Siti binti Saad.

Tena upya wenyewe hutegemea sikio. Kundi la X Plastaz la Arusha lilipotoa albamu yake ya Maasai Hip Hop mwaka 2004, msikilizaji wa Ulaya alishangazwa hasa na sauti ya mwimbaji wa Kimaasai aliyekuwamo. Kwa bibi wa Ngorongoro sauti hiyo ndiyo ingekuwa kitu pekee anachokitambua. Kigeni kwake kingekuwa ni wale vijana wanaosema harakaharaka.

Sisi Wairaqw tuna slufay, dua ndefu ya kishairi ambayo mzee huinena mbele ya mkutano na waliohudhuria humwitikia. Nilipokuwa kijana nilimsikia mzee mmoja akiinena kwa ufasaha mkubwa, ila akapita juu ya jambo lililotukutanisha siku ile, ugomvi wa mpaka wa shamba kati ya ndugu wawili. Kiitikio kikalegea. Hakuna aliyemkatiza wala kumkosoa; sauti za watu zilipungua tu, mpaka yeye mwenyewe akarudi nyuma, akawataja wale ndugu. Hapo watu wakaitika kwa nguvu. Umbo lilikuwa la kale kuliko babu yake, na bado wasikilizaji walikuwa na njia ya kumwambia kwamba hajafanya kazi yake.

Nilidhani hapo nimepata jibu, na kwa muda nikawa mtetezi wa mapokeo mwenye makelele mengi. Kisha nikazungumza na kijana mmoja anayeongoza kikundi cha kuwatumbuiza wageni, upande wa Ngorongoro. Nilimuuliza kwa shauku ya mtu aliyeongoka: leo umetunga nini? Akacheka. "Kaka, hapa naimba maneno yale yale msimu wa tatu huu. Siku nyingine nakosea makusudi. Nani atanisahihisha?" Mgeni hulipia kitu ambacho hakijabadilika, naye anampa. Ana ada ya shule ya wadogo zake, na sina ubavu wa kumlaumu. Lakini huo ndio urudiaji nilioulaani kwenye fomu yangu, ila niliulaani mahali ambapo haukuwapo.

Redio humtaka mwanamuziki awe mpya kila mwezi, mtalii humtaka awe wa kale daima, na wote wawili hawahitaji kujua anasema nini. Olaranyani wa Karatu aliimba mbele ya watu ambao wangemkamata papo hapo kama angekosea rangi ya ng'ombe.

Ndiyo maana nina wasiwasi na jambo ambalo halimo katika mijadala yetu ya utamaduni. Tangu mwaka 2022 familia nyingi zimehama Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, mamia ya kilomita kutoka hapo. Tumebishana sana juu ya hiari, nyumba, maji na ekari, na ni haki tubishane. Ila wimbo ambao nusu ya waitikiaji wake wako Handeni na nusu wamebaki kandokando ya kreta hauingii kwenye daftari la fidia. Afisa anaweza kuupiga picha za video na kuutunza. Atakachokuwa ametunza ni umbo.

Mwaka jana waandaaji walinialika tena. Niliwaandikia nikiomba mkalimani kwa kila lugha itakayoimbwa, na kwamba kisanduku cha ubunifu kisijazwe na jaji asiyeielewa lugha ya wimbo. Walinijibu kwa adabu kwamba fungu la mkalimani halipo, na kwamba fomu zimekwisha kupigwa chapa. Nilikwenda hata hivyo. Kikundi cha kwanza cha Kimaasai kilipomaliza niliacha kisanduku wazi. Mjumlishaji akanirudishia fomu, akanieleza kwamba kompyuta huhesabu pengo kuwa sifuri.

Nikamwita kijana wa Kimaasai aliyekuwa akiuza maji karibu na meza yetu, nikanunua katoni yote ili asipate hasara, nikamwomba akae nyuma ya kiti changu. Nikamuuliza wale waliotoka jukwaani wameimba nini. Alifikiri kidogo, akasema hakuna kitu, ni yale maneno ya hotelini, hata walioitika walikuwa wakitazama simu.

Nikaandika 9.