Akufaaye Akawa Akufaye

Tarehe 7 Julai 2023, shuleni kwetu karibu na Jinja, Uganda, tuliadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani kwa muziki wa wanafunzi: magitaa makavu mawili, ngoma ndogo moja, na msichana mmoja mwimbaji. Wimbo tuliutunga pamoja darasani, na kiini chake kilikuwa methali inayojulikana na kila mwalimu: Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki.

Mitambo tuliisimamia sisi wenyewe. Tulikuwa tumeazima miksa yenye kitufe cha mwangwi, na kwa kuwa tulitamani sauti ya binti yetu ivume kama ya waimbaji wa redioni, tulikizungusha hadi karibu na mwisho. Hatukukumbuka kwamba ukumbi wetu, wenye paa la bati na kuta tupu, una mwangwi wake tangu ulipojengwa. Sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde. Ukuta wa nyuma uko mita 20 kutoka jukwaani. Basi kila silabi ilikwenda na kurudi kwa takriban sehemu moja ya nane ya sekunde, ikaikuta mwenzake ikitamkwa.

Wageni wakasikia "akufaye", kana kwamba rafiki ni yule anayekufa kwa dhiki. Kicheko kikapita katika safu za mbele. Mgeni mmoja akasema, kwa upole wenye sumu, kwamba Waganda na Kiswahili hawajapatana bado. Binti alimsikia. Kesho yake alitujia, akasema:

"Shikamoo, mwalimu. Naomba mwingine aimbe. Ulimi wangu ni mzito."

Ulimi wake haukuwa na kosa. Kiluganda, lugha ya mama yake, hutenga barabara irabu fupi na ndefu: okusiba ni kufunga kwa kamba, okusiiba ni kufunga saumu. Aliyelelewa katika lugha hiyo hashindwi kutenga kufa na kufaa. Kosa lilikuwa la mkono wetu. Tulimwambia hivyo, kisha tukakiri mbele ya darasa zima, maana aibu ya hadharani haifutwi faraghani.

Mwaka uliofuata tulianza mapema. Spika tulizitanguliza mbele ya waimbaji, zikiwaelekea wasikilizaji, ili maikrofoni zisinase sauti ya spika na kupiga yowe. Maikrofoni ya gitaa tuliielekeza pale shingo inapokutana na mwili, umbali wa shibiri moja, wala si kwenye tundu, ambako besi huvuma na kufunika maneno. Kutani tulitundika mapazia mazito. Na kwa kuwa miili ya watu hupunguza mwangwi, tulifanya majaribio wanafunzi wakiwa wameketi.

Kisha tukafanya imla. Binti aliimba methali, na mwanafunzi wa safu ya mwisho akaandika alichosikia. Alipoandika "akufaye", tulipunguza mwangwi. Alipoandika "akufaaye", tuliacha hapo hapo.

Siku ya sherehe hakuna aliyecheka. Wageni waliimalizia methali pamoja naye.

Ndugu walimu, tumsikiapo mwanafunzi akikosea, tuulize kwanza sauti yake imepita wapi kabla ya kutufikia.