Kutoka Butembo mpaka Mutwanga: tuliifuata kakao yetu



Huko Kuba, kisiwa cha bahari ya Karibiani, watu hutoka mbali kwenda kutembelea mashamba ya tumbaku ya Pinar del Río na viwanda vya Havana ambamo sigara kubwa husokotwa kwa mkono. Mgeni huonyeshwa jani tangu likiwa shambani mpaka linapoingia sandukuni. Katika kikundi chetu tulijiuliza: sisi tuna nini ambacho mtu angetoka mbali kuja kukitazama? Tuna kakao. Basi tulitoa pesa ya gari katika akiba yetu, tukauliza kwanza hali ya barabara, tukashuka.

Safari ya Beni kweli ni ya kushuka. Butembo iko juu, kwenye mita 1,700 na zaidi, na asubuhi kila mama alikuwa na sweta juu ya kitenge. Kwa baridi hii kakao haikubali. Tulipita mashamba ya chai ya Butuhe, kisha Maboya na Kabasha, na kadiri tulivyoteremka ndivyo masweta yalivyorudi mfukoni. Baada ya kilomita 54 hivi tulikuwa Beni, penye joto, migomba na michikichi, na chini ya vivuli hivyo mikakao.

Wenyeji walitukumbusha kwamba zamani sehemu hizi zilijulikana kwa kahawa aina ya robusta. Katika miaka ya 1990 ugonjwa wa kunyausha miti uliikausha kahawa hiyo, shamba baada ya shamba. Watu waling'oa, wakachoma, wakatafuta kitu kingine. Kampuni ya ESCO Kivu ni kati ya waliohimiza kakao na kuinunua, na leo kakao ndiyo inayolipa masomo ya watoto wengi wa teritwari ya Beni.

Kutoka mjini tulichukua barabara ya Kasindi, tukavuka mto Semuliki, tukaelekea Mutwanga, chini ya mlima Rwenzori. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, lakini siku ile kilijifunika mawingu.

Mama mmoja mjane alitupokea shambani kwake. Alipasua tunda la kakao taratibu, panga lisiguse mbegu. Ndani kuna mbegu 30 au 40, zimevikwa utando mweupe, mtamu wenye uchachu kidogo. Tuliufyonza kama watoto. Kisha alituonyesha kazi yenyewe. Mbegu mbichi hutiwa katika sanduku la mbao na kufunikwa kwa majani ya ndizi. Zinachacha kwa siku 5 au 6, na kila siku mbili mama anazigeuza. Tulipoweka mkono ndani tulikuta joto kama la sufuria iliyotoka motoni muda mfupi. Baadaye zinaanikwa juani wiki nzima, juu ya vichanja au shitingi safi, mbali na moshi wa kuni na wa magari, kwa sababu kakao inanyonya harufu.

Alikata mbegu mbili kavu kwa kisu. Iliyochacha vizuri ina rangi ya kahawia na nyufa ndani. Ile ambayo haikuchacha ni ya zambarau au kijivu, na ni chungu tu. Harufu ya chokoleti inazaliwa mle sandukuni, mikononi mwa mama. Hata tumbaku ya Kuba huchachushwa kabla ya kusokotwa.

Tukauliza: kama ni hivyo, kwa nini wengi wanauza mbegu mbichi siku ileile ya kuvuna, kwa bei ya chini? Alijibu bila kuinua sauti. Tangu Oktoba 2014 mauaji hayajaacha teritwari ya Beni, na wengi wameuawa wakiwa mashambani. Wengine walikimbia, na mavuno yao yakavunwa na wasiowajua. Mtu mwenye hofu hawezi kuacha sanduku shambani siku 6 na kwenda kuligeuza kila mara. Anavuna haraka, hata matunda ambayo hayajaiva, anauza, anaondoka. Mwaka 2024 bei ya kakao duniani ilipita dola 10,000 kwa tani moja, lakini aliyeuza mbichi kwa haraka hakuiona faida hiyo yote.

Mutwanga kuna kiwanda kidogo cha chokoleti, kazi ya watu wa Virunga, kinachotumia umeme wa maji yanayoshuka kutoka Rwenzori. Mtengeneza chokoleti wa Ubelgiji, Dominique Persoone, amesaidia kufundisha kazi hiyo. Mbegu hukaangwa, huvunjwa na kupepetwa maganda, husagwa mpaka ziwe kama uji mzito, huchanganywa na sukari, kisha humiminwa katika vibao. Kukaanga, kupepeta, kusaga: ni kazi gani hapo ambayo sisi hatuijui? Tulinunua kibao kimoja, tukakigawa. Mwenyeji wetu amelima kakao miaka mingi, na hicho kilikuwa kipande chake cha kwanza. Alikiweka mdomoni, akanyamaza muda mrefu, kisha akauliza bei yake.

Swali hilo tumerudi nalo. Usalama hauko mikononi mwetu, lakini sanduku linaweza kuhamishwa. Mama za kule wameanza kuzungumza juu ya kuchachusha pamoja, katika uwanja mmoja karibu na nyumba, kwa zamu za kugeuza na kulinda, na mizani yao wenyewe. Vikundi vyenye akiba vinaweza kuanza na mbao za sanduku moja. Mama mwenye kakao alete mbegu 10 kwenye mkutano ujao. Tutazikata na kuzitazama rangi pamoja, kabla mnunuzi hajatuambia zina thamani gani.

Jambo moja la mwisho kutoka Havana. Tangu mwaka 1865, wasokota sigara wa kule wamekuwa na msomaji anayeketi mbele yao na kuwasomea kwa sauti wakati mikono inafanya kazi. Kuchambua mbegu kunaacha masikio wazi. Anayejua kusoma achukue gazeti hili, awasomee wenzake, na aanze na bei ya wiki.