Mita 60 za Mto Mara

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Kwa mama yangu, mita hizo za Mto Mara ndizo bustani ya mboga iliyonilipia ada.

Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba sheria ni agizo la akili kwa manufaa ya wote, tena lililotangazwa. Kwetu, wengi huisikia sheria hii siku wanapoambiwa wang'oe mboga. Mama akielezwa kuwa udongo wa ukingoni huishia kwenye maji anayochota, ataelewa. Lakini atauliza, "Sasa tutakula nini, mwanangu?" Swali hilo haliipingi sheria, linadai manufaa ya wote yamguse naye.

Papa Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alitutaka tusikie pamoja kilio cha dunia na cha maskini. Jumuiya Ndogondogo zetu za Tarime na Serengeti zianzishe vitalu vya miche na mizinga ya nyuki, na wanaolima ukingoni wawe wa kwanza kupata kazi hizo. Hapo mto utalindwa na walioutegemea.